Aliyebeba Maji Salaita

Jumapili, 3 Oktoba 1971

Babu amekufa. Barua ya Baba ilinifikia jana kwa karani, imeandikwa tarehe tisa Septemba, imekunjamana kama iliyokaliwa na watu njia nzima kutoka Mutomo. Walimzika kando ya zizi. Nimehesabu siku. Siku hiyo nilikuwa shamba namba nane nakata mkonge, na nakumbuka tulicheka mpaka tukaketi chini kwa sababu mwenzangu Mbuvi alisimama juu ya siafu bila kujua. Babu anafukiwa udongo, mimi nacheka.

Baba anasema nisiende sasa, watu wamekwisha kulia. Anataka kitu kingine. Ameandika: "Wewe ndiwe uliyebeba jina lake, na ndiwe uliyefika darasa la sita. Andika maisha yake. Krismasi ukoo wote utakuwa hapa, utatusomea. Andika vita vyake vizuri, watoto wajue wametoka kwa mwanamume."

Nimenunua daftari hili. Nitaandika kila nikipata nguvu.

Nianze na mimi kidogo. Naitwa Kitheka, mtoto wa kwanza wa baba yangu, kwa hiyo nikapewa jina la babu, ndiyo desturi yetu Wakamba. Babu hakuniita mjukuu, aliniita Somo. Nyanya alipokuwa hai aliniita mume wake na kunipa kiti. Nina miaka thelathini na mbili. Nakata mkonge hapa chini ya Taveta mwaka wa nne sasa, na nikisimama mlangoni kwetu laini, kwenye nyumba za vibarua, naona kilima cha Salaita. Hapo Babu alikuwa vitani mwaka 1916, Waingereza wakipigana na Wajerumani. Hakuwa askari. Alikuwa mpagazi, wale walioitwa Kariakoo.

Pasaka nilipokwenda nyumbani alinituma. Alisema kuna mtu wake amelala Salaita, Mtaita, jina Mwasaru, na watu wa Mwasaru hawajaambiwa alipo mpaka leo. Niwatafute niwaambie. Pia kuna neno lingine la kuwaambia, ambalo sina hamu ya kuliandika leo.

Nikamwambia sawa, Babu. Nikarudi kazini, nikakaa miezi mitano bila kufanya lolote. Nilidhani ana muda.

4 Oktoba

Joto. Matita sabini.

5 Oktoba

Matita sabini. Gibson amekataa manane, ati majani yamepungua. Gibson ndiye nyapara wetu, Mtaita wa Wundanyi, mtu mrefu anayetembea na fimbo ya kupimia kana kwamba alizaliwa nayo. Tita moja ni majani thelathini. Yeye huhesabu kwa macho tu, na ubaya ni kwamba hakosei. Nikarudi kukata tena mpaka saa kumi. Maji ya mkonge yameniwasha mikono mpaka viwiko.

8 Oktoba

Nimemuuliza Gibson kama anajua ukoo wa Mwasaru huko kwao. Aliniangalia kana kwamba mimi ni ng'ombe aliyesema. Akajibu kwamba kina Mwasaru kule milimani ni wengi kuliko mawe, nitafute kwanza majani yangu thelathini. Wenzangu walicheka. Nami nikacheka, nifanye nini.

Jumapili, 10 Oktoba

Leo nimekwenda Salaita kwa miguu, saa mbili kwenda. Mbuvi alikuja nami. Huyu ni jirani yangu wa nyumbani, wa kutoka Ikutha, na hapa tunalala chumba kimoja. Njia nzima alilalamika kwamba Jumapili ni ya kupumzika, na kwamba tembo hawajui kusoma kibao cha mpaka wa mbuga.

Babu alinipa dalili. Shuka upande wa jua linakotoka. Tafuta korongo kavu. Simama ndani yake mpaka mlima mweupe uonekane umekaa juu ya bega la kulia la Salaita. Hapo kuna mawe matatu makubwa yaliyopangwa mstari, na chini ya hayo ndipo alipo Mwasaru.

Mlima ulikuwa ndani ya mawingu tangu asubuhi. Bila mlima, korongo ni korongo tu, na yapo mengi. Tuliokota maganda ya risasi na makopo ya nyama yaliyooza kwa kutu. Mbuvi alipata kifungo cha shaba akakitia mfukoni. Tumerudi na miiba.

13 Oktoba

Nianze kumwandika Babu, maana siku zinaisha.

Alizaliwa kabla watu hawajaandika miaka. Alichukuliwa kwenda vitani akiwa hajaoa. Chifu alitakiwa kutoa vijana ishirini, na Babu alikuwa amekwenda kuangalia mizinga yake ya nyuki, wakamkuta juu ya mti. Alipenda kusema kwamba serikali ilimwambia shuka na tangu hapo hajawahi kupanda tena akiwa na raha. Aliletwa Voi, wakati reli hii ya Taveta inatandikwa. Gari moshi linalopita hapa kila likipiga honi mimi humkumbuka, kwa sababu chakula cha mafundi wa reli hiyo alikibeba yeye.

Alirudi nyumbani miaka mitatu baadaye, amekonda, na jino moja la mbele halipo. Alioa, akazaa watano. Alikuwa na mizinga sitini. Alirina asali usiku mmoja na kuigawa yote mchana uliofuata mpaka Nyanya akaficha kibuyu.

Inatosha, macho yananiuma.

14 Oktoba

Matita sabini. Hakuna lililokataliwa.

17 Oktoba

Nimekumbuka kisima. Mto wetu ni wa mchanga. Babu alichimba kisima ndani ya mchanga huo, akakiwekea ua wa miiba kuzuia wanyama, lakini hakukiwekea mlango kuzuia mtu. Mtu yeyote aliyepita na kiu, awe Mkamba, awe Msomali wa ngamia, awe mwendawazimu, alikunywa kwanza ndipo akaulizwa anakotoka. Babu hakupiga watoto. Mara moja tu alimpiga baba yangu, tena vibaya, kwa sababu alimfukuza mzee mmoja kisimani. Baba alikuwa na miaka kumi. Alama iko begani mpaka leo, na huwaonyesha watu kwa fahari, kuonyesha baba yake alikuwa mtu wa huruma kiasi gani.

Jumatano, 20 Oktoba, Siku ya Kenyatta

Hakuna kazi. Niliondoka peke yangu alfajiri, Mbuvi alikataa kabisa. Mbingu ilikuwa safi. Nilishuka korongo la kwanza, la pili, la tatu. Katika la tatu nilitembea kinyumenyume taratibu, nikitazama Kilimanjaro ukisogea nyuma ya Salaita, mpaka ukakaa juu ya bega la kulia kama mzigo juu ya mpagazi. Nikaangalia chini. Mawe matatu, mstari mmoja, hatua kumi kutoka nilipokuwa.

Sikufanya kitu. Nilikaa. Nimeona mawe mengi kule, na mengine matatu huenda yamejipanga yenyewe. Lakini miguu yangu ilikataa kuondoka mpaka jua likawa kali.

25 Oktoba

Mvua ya kwanza. Wote laini walitoka nje kusimama ndani yake, hata karani.

28 Oktoba

Mvua. Matita arobaini tu, panga linateleza. Gibson aliandika arobaini, hakukataa hata moja.

2 Novemba

Barua ya Baba. Mutomo bado kavu, ndama wawili wamekufa. Anauliza nimefika wapi na kitabu cha Babu, na kama nimeandika pale alipomzika rafiki yake chini ya risasi. Hadithi hiyo kila mtoto wa kwetu anaijua. Babu alimchimbia rafiki yake kaburi kwa mikono, risasi zikipita juu.

Ni ya uongo. Babu mwenyewe aliniambia.

4 Novemba

Mvua. Homa. Sikuenda kazini.

5 Novemba

Homa. Mbuvi alinipikia uji akautia chumvi mara mbili, akasema chumvi ya pili ni dawa.

Jumanne, 9 Novemba

Mvua siku ya tatu bila kukatika. Trekta imezama shamba namba tano na nyingine iliyokwenda kuivuta imezama pia. Hakuna kazi. Watu wanacheza karata. Mimi leo nitaandika lile neno, kwa sababu nikingoja niwe tayari sitaandika.

Pasaka Babu aliniita tukae penye mizinga. Hakutaka Baba asikie. Alisema hivi, nami naandika kama nilivyosikia.

Yeye na Mwasaru waliandikishwa siku moja Voi, wakapewa sufuria moja ya kupikia, wakala pamoja miezi minane. Mwasaru alikuwa mcheshi na mwoga wa radi. Alikuwa ameacha mke na mtoto mchanga milimani. Wakakubaliana: mmoja akifa, mwingine atakwenda kwa watu wake kusema.

Siku ya vita vya Salaita, Mwasaru alipewa sanduku la risasi, Babu akapewa debe la maji. Debe lilikuwa limefungwa kwa waya na kutiwa muhuri. Mpagazi akionekana amefungua maji ya askari alichapwa viboko ishirini na vitano, na Babu alikuwa amekwisha kuona mtu aliyechapwa hivyo akafa siku ya nne. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na tone kwa wapagazi tangu asubuhi.

Alipofika korongoni alimwona Mwasaru amelala ubavu, ameumia nyonga. Mwasaru alimtambua. Akamwita.

Babu aliniambia: "Aliniita kwa jina, Somo. Alisema, Kitheka, maji. Nami nilikuwa na maji kichwani, lita kumi na nane, nayasikia yanavyocheza. Nikamwambia narudi sasa hivi. Nikapita."

Alipofika mbele alipokonywa debe. Askari hawakunywa hata kidogo. Walilimimina lote ndani ya bunduki kubwa ya risasi za mfululizo ili ipoe. Kisha watu wote wakaanza kukimbia kurudi nyuma, na Babu akakimbizwa nao kwa njia nyingine.

Kilima kilipochukuliwa, karibu mwezi mmoja baadaye, alirudi korongoni. Akamkuta Mwasaru hatua kumi kutoka pale alipomwacha, upande ule ule ambao Babu alikuwa amekwenda. Alikuwa amejaribu kumfuata. Babu akamfukia, akaweka mawe matatu. Risasi hazikupita juu. Palikuwa kimya kabisa.

Baada ya hapo alipelekwa mbali kusini, na aliporudi Voi alipewa tikiti ya kwenda nyumbani. Milima ya Taita aliiona mchana kutwa kutoka stesheni. Hakupanda. Nilimuuliza kwa nini. Akasema angepanda wangemuuliza kama alipata maji.

Basi hicho ndicho kisima cha Babu. Ile huruma yote, na kile kipigo alichopata baba yangu.

Nimesoma tena nilichoandika. Nilifikiri nitampenda kidogo zaidi ya zamani au pungufu kidogo. Sioni tofauti. Naona tu mtu wa miaka ishirini na debe kichwani. Lakini watu wa Mwasaru wataambiwa, tena wataambiwa lote, si mawe peke yake.

12 Novemba

Matita sitini. Nimemfuata Gibson hadi penye trekta, nikamwambia kwa nini namtafuta Mwasaru. Sikumwambia ya maji. Alisikiliza akifuta fimbo yake. Akaenda kuhesabu matita ya mtu mwingine.

15 Novemba

Matita sabini. Mbuvi ananiambia niache. Anasema wafu wa miaka hamsini na mitano hawana haraka, na kwamba nikienda kuwaambia Wataita babu yangu alimnyima mtu wao maji, nisitegemee kupewa chakula. Nikamwambia nitabeba changu.

18 Novemba

Mvua.

19 Novemba

Mvua. Panya wamekula kona ya daftari, lakini hawakufika penye maandishi.

27 Novemba

Gibson alikuwa likizo kwao wiki nzima. Leo amerudi. Alikuja mpaka mlangoni kwetu, kitu ambacho nyapara hafanyi. Mbuvi alisimama haraka akamwaga chai.

Gibson alisema ameuliza. Yuko mama mmoja juu ya Wundanyi, Dinah, binti wa Mwasaru aliyekwenda Kariakoo. Huyo ndiye aliyekuwa mtoto mchanga. Kisha akasema, "Nilipotaja jina lako yule mama aliacha kupepeta mahindi. Jina lako wanalijua, Mkamba."

Nikamuuliza wanalijuaje. Akasema nikajibiwe huko. Amenipa Jumamosi ijayo, nusu siku. Nimemfanyia kazi huyu mtu miaka minne nikimwita nyoka.

Jumatatu, 6 Desemba

Nimerudi jana jioni. Matita yangu leo ni hamsini na tano, mwili umechoka, lakini niandike.

Jumamosi nilipanda gari moshi mpaka Mwatate, nikalala kwa jamaa wa Mbuvi, na Jumapili alfajiri nikapanda mlima. Sijawahi kuona nchi kama ile. Maji yanatiririka kando ya njia bila mtu kuyatazama. Watoto wanayaruka wakienda kanisani. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani.

Mama Dinah nilimkuta ametoka kanisani, bado amevaa kitambaa cheupe cha akina mama. Ni mwanamke mfupi, anakaribia sitini, mikono mipana ya mkulima. Pembeni yake alikuwa mpwa wake Thadeus, fundi seremala. Nilisalimu, nikasema, "Mama, mimi naitwa Kitheka, natoka Ukambani."

Alinitazama juu mpaka chini. Akasema, "Umechelewa, Kitheka."

Kisha akaniambia nikae, na yeye mwenyewe akanieleza wanavyolijua jina. Vita vilipokwisha, mpagazi mmoja wa Bura alipita akamwambia mama yake kwamba Mwasaru alikula sufuria moja na Mkamba aitwaye Kitheka, na huyo ndiye anayejua alipolala. Basi mama yake akangoja. Wakamba walikuwa wakija sokoni Wundanyi na asali, na mbuzi, na vinyago. Kila Mkamba aliyefika, yule mama alimwendea akamuuliza kama yeye ni Kitheka. Watoto wa soko wakaigiza. Wakamba wenyewe wakamzoea, wengine wakawa wanamjibu kwa mzaha, ndiyo mama, ni mimi. Aliuliza mpaka mwaka wa 1949, akafa.

Nilimwambia kwamba Kitheka mwenyewe amekufa Septemba, na kwamba mimi ni mjukuu wake mwenye jina lake. Nikamwambia ya korongo na mawe matatu. Thadeus akatikisa kichwa kwa furaha, akasema Mungu ni mwema. Ningeweza kuishia hapo. Chai ilikuwa imekuja na viazi vitamu, na mtu mmoja ndani ya tumbo langu alikuwa akisema ishia hapo, umemaliza.

Nikasema kuna lingine, Mama. Nikasema lote. Debe, muhuri, viboko, jina alivyoitwa, bunduki, zile hatua kumi. Nilisema nikitazama kikombe.

Thadeus alisimama akatoka nje. Mama Dinah hakusimama. Alikaa muda mrefu, mpaka kuku wakaingia ndani wakafika miguuni kwake na hakuwafukuza.

Nikamwambia Babu hakuthubutu kuja kuomba msamaha, nami naomba kwa niaba yake.

"Msamaha huo sina," alisema. "Mwenye kiu hakuwa mimi."

Nikajibu, "Ndiyo, Mama."

"Lakini sasa najua alikuwa anatambaa. Mama yangu aliambiwa na watu kwamba labda alitoroka akaoa huko kusini. Alikuwa anatambaa."

Akafuta uso kwa kile kitambaa cha kanisa. Akaniuliza kama mawe yale nitayaona tena bila kupotea. Nikasema ndiyo. Akasema basi watakuja kumchukua Jumapili ijayo. Kwao hapo zamani, mtu akishazikwa na muda ukapita, kichwa chake kilitolewa kikapelekwa mwambani, kwenye pango la ukoo, kukaa na baba zake. Dini imekomesha hayo, na yeye mwenyewe ni mtu wa dini. Lakini baba yake alikufa kabla dini haijafika nyumbani kwao, na nafasi yake pale mwambani iko wazi. Thadeus, aliyekuwa amerudi, akauliza mchungaji atasemaje.

"Mchungaji ataambiwa baadaye," alisema Mama Dinah.

9 Desemba

Matita sabini. Mvua ndogo. Siwezi kula.

Jumapili, 12 Desemba, Jamhuri

Wamekuja jana kwa gari moshi, Mama Dinah na Thadeus. Gibson amewalaza kwake. Leo tulikwenda wanne, Gibson akiwa na jembe badala ya ile fimbo. Mvua imeotesha majani mpaka magotini, korongo lina matope, na mlima ulikuwa umefunikwa. Nilipotea. Niliwapeleka korongo la pili, nikawarudisha, nikaona Thadeus anaanza kunitazama vibaya. Mama Dinah alikaa juu ya jiwe, akasema tungoje, mlima hauna pa kwenda. Tulingoja hadi saa sita. Mawingu yalifunguka kwa muda mfupi tu, nikakimbia, nikakimbia kweli kama mtoto, nikasimama mlima ulipokaa sawa juu ya bega la Salaita.

Mawe yalikuwepo, yamezama kidogo.

Gibson alilegeza udongo, kisha Thadeus akachimba kwa mikono. Hapakuwa na kina. Mifupa ilikuwa ya mtu, imelala ubavu. Hapakuwa na bangili, wala kifungo, wala kitu cha kusema huyu ni nani. Tulitafuta sana. Gibson, ambaye hakosei kuhesabu, alisema taratibu kwamba ni lazima aseme anachofikiri: watu wengi walikufa hapa, Wahindi, weupe, askari wa kutoka mbali, na mawe matatu peke yake si ushahidi.

Nilimtazama Mama Dinah nikiona miaka yote ya mama yake pale sokoni.

Yeye alikuwa amekwisha kutandika leso. Alisema, "Kama ni yeye, ni yeye. Kama si yeye, ni wa mama mwingine, na hakuna aliyekuja kumfuata. Twendeni naye."

Alikifunga kile kichwa ndani ya leso, akakitia ndani ya sanduku la mbao alilotengeneza Thadeus. Mifupa mingine tuliifukia tena, tukarudisha mawe. Thadeus alishika sanduku alibebe. Mama Dinah akamgusa mkono, akanigeukia mimi.

"Beba wewe, Kitheka."

Jumanne, 14 Desemba

Jamhuri iliangukia Jumapili, kwa hiyo jana ilikuwa sikukuu, hakuna kazi. Tulishuka Mwatate mapema. Barabara ya kupanda imekatwa na maporomoko, magari hayapiti, tukaenda kwa miguu. Kwetu mwanamume habebi kitu kichwani, lakini njia ilikuwa na utelezi na nilihitaji mikono, kwa hiyo nililiweka kichwani. Sanduku ni jepesi. Kufika nusu ya mlima shingo ilikuwa inawaka moto. Thadeus aliomba anipokee. Nikakataa. Akaomba tena penye daraja, nikakataa. Hakuniomba tena, ila alianza kutembea mbele yangu akiniondolea matawi na kuniambia pa kukanyaga.

Kufika chini ya mwamba nilisimamishwa. Mgeni hapandi. Mama Dinah alipokea sanduku kwa mikono miwili, akapanda na Thadeus kupitia migomba mpaka sikuwaona. Nilibaki na mvua. Niliwasikia wakisema Kidawida, lugha yao, huko juu, sauti ya Mama Dinah peke yake, ndefu, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa watu wengi mmoja mmoja.

Aliposhuka alikuwa na matope magotini. Alikuja akasimama karibu nami.

"Nimewaambia ameletwa na Kitheka," alisema. "Sikuwaambia yupi."

Nimerudi leo mchana. Gibson ameniandika mgonjwa.

17 Desemba

Matita sabini.

Jumapili, 19 Desemba

Barua ya Baba. Mvua imefika Mutomo, wamepanda. Anasema mjomba ameahidi kuchinja, na watakuja hata watu wa Kibwezi kunisikiliza. Anarudia niandike vita vizuri.

Mbuvi alinishauri nichane kurasa za tarehe tisa Novemba na sita Desemba, nisome ya mizinga na kisima, watu wafurahi, nani atajua. Ni ushauri mzuri. Nilishika ukurasa kabisa kati ya vidole.

Mbuvi akasema, "Baba yako ana ile alama begani. Utamwambia alipigwa kwa sababu gani?"

"Kwa sababu hiyo," nilimwambia.

Baba amewaonyesha watu alama ile miaka arobaini bila kujua ilitoka Salaita. Atakasirika. Huenda akaniambia nitoke uani mbele ya ukoo wote. Wajomba watasema shule imeniharibu. Basi na waseme. Babu alikaa na neno hili maisha yake yote, na alipotafuta wa kumpa alinipa mimi, akijua baba yangu yuko mita mia moja anachunga mbuzi. Hakunipa nilifiche tena.

Natoka kesho na gari moshi la saa nne. Daftari limebaki kurasa mbili, nimeziacha, kama Baba atakuwa na la kuongeza. Nitasoma lote, toka mwanzo, kwa sauti, nikiwa nimesimama.